Neno la Mungu si Ramli



Wapo Wakristo ambao, wakikabiliwa na jambo zito, huichukua Biblia, hufumba macho, huifungua popote, kisha huweka kidole juu ya aya moja. Aya hiyo huihesabu kuwa ndilo jibu la Mungu. Nia yao ni njema, kwa maana wanamtafuta Mungu. Lakini tujiulize: je, huko ni kumsikiliza Mungu, au ni kupiga ramli kwa Kitabu Kitakatifu?

Tuchukue mfano. Ndugu wawili wanagombea shamba waliloachiwa na marehemu baba yao. Mmoja anaifungua Biblia, na kidole chake kinaangukia kitabu cha Yoshua, mahali ambapo Waisraeli wanagawiwa nchi. Anafurahi, akidhani Mungu amempa shamba. Kumbe amejisikiliza mwenyewe, na Mungu amemfanya shahidi wake barazani.

Laiti angesoma pia Injili ya Luka, sura ya 12! Humo mtu mmoja anamwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Yesu anakataa kuwa mgawaji wao, anawaonya wote wajihadhari na choyo, kisha anawasimulia habari za tajiri aliyekusudia kujenga maghala makubwa zaidi, kumbe usiku uleule roho yake inatakiwa. Mtu yule alileta swali juu ya mali, akaulizwa juu ya moyo wake. Ndivyo Mungu anavyotuongoza mara nyingi: kabla ya kutuonyesha la kutenda, hutuonyesha jinsi tulivyo.

Tukumbuke kwamba hata Shetani anayajua Maandiko. Alipomjaribu Yesu juu ya Hekalu, alitumia maneno ya Zaburi ya 91. Yesu naye alimjibu kwa Maandiko, kutoka Kumbukumbu la Torati. Shetani alikata kipande kilichomfaa. Yesu alishika maana ya Maandiko yote, yaani kumtii Baba bila kumjaribu. Ndiyo sababu Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba kila sehemu ya Maandiko ieleweke katika umoja wa Maandiko yote, na kwamba usomaji uandamane na sala.

Basi, tusomeje? Mwalimu wetu awe yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume, sura ya 8. Alikuwa mtu mkubwa, msimamizi wa hazina ya malkia. Akirudi kutoka Yerusalemu, alikuwa ameketi garini mwake akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alipomuuliza kama anayaelewa anayoyasoma, hakuona haya kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda, akaketi pamoja naye, akaanzia palepale alipokuwa akisoma, akamhubiri Yesu. Walipofika penye maji, yule mtu akaomba ubatizo, akaendelea na safari yake kwa furaha. Alisoma, aliuliza, alitenda.

Nanyi makatekista, mtazameni Filipo. Hakumcheka msomaji kwa kutoelewa, wala hakumhubiria akiwa mbali. Aliketi naye.

Ndugu mpendwa, usingoje siku ya shida ndipo ufungue Biblia. Chagua Injili moja, uisome tangu mwanzo, kidogo kidogo kila siku. Kabla ya kusoma, mwombe Roho Mtakatifu. Ukimaliza, nyamaza kidogo, ujiulize: Bwana ananitaka nibadilike wapi? Neno lisiloeleweka lipeleke katika Jumuiya Ndogo Ndogo, au kwa katekista wako, au kwa padre. Na ikiwa aya uliyoipata inakuruhusu kumdhulumu ndugu yako, ujue bado hujaisoma vema, maana Mungu hapingani na amri yake ya upendo.

Anayelizoea Neno kila siku huijua sauti ya Mchungaji, na siku ya giza ikija hataibahatisha. Roho Mtakatifu aliyewaongoza waandishi watakatifu atuongoze na sisi tunaosoma. Amina.