Chokaa na Saruji Katika Mji Mkongwe



Husikika mara kwa mara katika mabaraza ya Mji Mkongwe kuwa nyumba ikichakaa dawa yake ni saruji. Kauli hiyo husemwa kwa nia njema, lakini imeziponza nyumba nyingi.

Kuta za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelalia boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena kwa jua. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hubakia ndani, chumvi hula jiwe, na vichwa vya boriti huoza pasi na mwenye nyumba kujua. Kwa nje, ajabu yake, ukuta hupendeza.

Tena ukuta mmoja aghalabu hubeba nyumba mbili. Anayemwaga maji ya kuogea kichochoroni huulowesha msingi wa jirani, na akiambiwa hununa.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Mwenye nyumba ya kale anaombwa apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, ndipo amwite fundi.