Mfanya Biashara ya Mbao Aliyekuwa Waziri

Russell Alger alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1836. Wazazi wake walifariki angali mtoto, akafanya kazi ya shamba ili awalishe wadogo zake wawili. Baadaye alitajirika kwa biashara ya mbao katika Michigan, akachaguliwa Gavana mwaka 1884. Mwaka 1897 alifanywa Waziri wa Vita. Vita na Hispania vilipotokea mwaka 1898, jeshi halikuwa tayari. Askari waliokufa kwa maradhi waliwazidi waliouawa vitani. Watu walimlaumu, na mwaka 1899 Rais McKinley alimtaka ajiuzulu. Hata hivyo Michigan haikumtupa: alikuwa Seneta tangu 1902 hadi alipofariki mwaka 1907. Mfanya biashara akikosea hupoteza mali yake. Mtawala akikosea, hasara huwapata wengine.