Protini za Ubongo na Upotevu wa Kumbukumbu: Kutoka Alzheimer hadi Ugonjwa wa Kusinzia Kichwa

Kumbukumbu hukaa katika maungano ya seli za neva. Ubongo wa mtu mzima una seli hizo zipatazo bilioni 86, na kila moja hupashana habari na maelfu ya nyingine kupitia maungano yaitwayo sinapsi. Mtu ajifunzapo jina au njia mpya, baadhi ya sinapsi huimarika. Kazi hiyo hufanywa na protini, na protini hufanya kazi kwa umbo lake: mnyororo mrefu wa asidi amino uliokunjwa kwa namna maalumu. Ukikunjika vibaya, protini hunatana na kufanya marundo ambayo seli hushindwa kuyaondoa. Huo ndio mzizi wa maradhi ya Alzheimer, Parkinson, Huntington na yale ya prioni.

Marundo hayo yalielezwa mwaka 1906 mjini Tübingen, Ujerumani, na daktari Alois Alzheimer. Alikuwa amechunguza ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 55 baada ya kupoteza kumbukumbu na lugha. Chini ya hadubini aliona mabaka nje ya seli, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana. Ilichukua karibu miaka 80 kujua vitu hivyo vimeumbwa na nini. Mwaka 1984 watafiti George Glenner na Caine Wong walitenga amiloidi beta, protini ya mabaka. Muda mfupi baadaye ikathibitika kwamba nyuzi ni za protini iitwayo tau.

Amiloidi beta ni kipande kinachokatwa na vimeng'enya viwili kutoka protini kubwa zaidi iliyo kwenye utando wa seli. Jeni ya protini hiyo iko kwenye kromosomu ya 21. Kwa sababu hiyo watu wenye sindromu ya Down, walio na nakala tatu za kromosomu hiyo, karibu wote huwa na mabaka katika ubongo wafikapo miaka 40. Kwa wengine wanaougua Alzheimer, mabaka huanza kujengeka miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili ya kwanza.

Tau, katika hali ya afya, hushikilia mirija midogo inayosafirisha chakula na ishara ndani ya seli, kama kamba zinavyofunga fito za paa. Ikibadilika kikemia, huachia mirija na kujisokota yenyewe. Usafirishaji hukwama na seli hufa. Katika Alzheimer uharibifu huo huanzia pembeni mwa hipokampasi, sehemu inayosajili mambo mapya, kisha huenea kwenye gamba la ubongo. Ndiyo maana mzee wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, anaweza kusimulia bila kukosea shangwe za uhuru wa Burundi za tarehe 1 Julai 1962, kisha akauliza kwa mara ya tatu kama ameshakula.

Afrika Mashariki ina ugonjwa wake unaohusishwa na tau, ugonjwa wa kusinzia kichwa, nao huwapata watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliwakuta huko Mahenge, Tanzania, watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikidondoka mara kwa mara kama vya wasinziao. Baadaye ugonjwa huo uliripotiwa Sudan Kusini na katika wilaya za Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda. Mara nyingi kichwa huanza kudondoka mtoto anapoletewa chakula. Kisha kifafa hukomaa, ukuaji hudumaa na akili hufifia: mtoto aliyekwisha kujua kusoma huzisahau herufi. Hasara hiyo ni nzito kuliko takwimu yoyote.

Mwaka 2018 timu ya mtafiti Michael Pollanen ilichapisha uchunguzi wa bongo tano za wagonjwa wa Uganda waliofariki: zilikuwa na tau iliyosokotana, bila mabaka ya amiloidi. Mwaka uliofuata watafiti wengine walitoa hoja kwamba uvimbe wa ubongo una uzito zaidi kuliko tau. Pande zote mbili zinakutana mahali pamoja: ugonjwa huzuka penye usubi, maradhi yanayoweza kupofusha na yanayosababishwa na minyoo ienezwayo na inzi wadogo wa kwenye mito iendayo kasi. Uganda ilipoanza mwaka 2012 kunyunyizia mito dawa ya kuua inzi hao na kugawa ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya walipungua hadi karibu kuisha.

Somo hilo linaihusu Burundi moja kwa moja. Usubi umekuwepo Cibitoke, Bubanza, Bururi na Rutana, na utafiti wa mwaka 1997 uliangalia uhusiano wake na kifafa na kudumaa nchini humu. Kidonge cha ivermektini kinachomezwa kijijini hulinda macho, na kwa uwezekano mkubwa hulinda pia ubongo wa mtoto.

Kwa wazee, dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika miezi 18. Lakini iliidhinishwa kutolewa kwa dripu kila wiki mbili, na huhitaji picha za ubongo za mara kwa mara kwa kuwa inaweza kusababisha uvimbe na kuvuja damu. Kinga iko karibu zaidi. Kamisheni ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba asilimia 45 hivi ya demensia (kufifia kwa kumbukumbu na akili) duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, majeraha ya kichwa, uziwi na elimu duni. Kupima shinikizo la damu hakuhitaji maabara kubwa. Kituo cha afya cha mtaa kinatosha. Demensia ni ugonjwa, si uzee wala uchawi, na anayeugua anastahili kupimwa, kutunzwa na kuheshimiwa.