Kinanda Kisimeze Kwaya



Nimeombwa niseme machache juu ya kinanda, kwani wengi wetu tuliojifundisha wenyewe hapa shuleni ndio leo tunaopigia kwaya makanisani.

Naanza na kosa langu. Katika mazishi ya mwenzetu tuliyelala naye bweni moja, nilibonyeza kitufe cha ngoma katika kinanda cha umeme, nikajaza vidole kila mahali. Waimbaji wakaenda njia yao, mimi yangu. Baadaye mama wa marehemu akaniuliza, "Mwanangu, waliimba maneno gani?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nashika mambo manne.

Kwanza, mkono wa kushoto. Sauti nene zikibanwa pamoja huvuma tu. Huko chini piga noti moja, au noti hiyo na oktava yake. Do, mi na so zipandishe katikati ya kinanda.

Pili, usiifuate sauti ya kwanza muda wote. Waimbaji wakishaijua, waachie. Wewe shika besi na sauti za kati.

Tatu, pumua pamoja nao. Mwisho wa mstari inua mikono. Ngoma ya mashine haipumui, na haimngojei anayelia.

Nne, kabla ya ibada jaribuni noti ya juu kabisa. Sauti ya kwanza ikikwaruza, shusheni do. Hiyo ndiyo faida ya solfa aliyoieneza Mwingereza John Curwen: do huhama, na wimbo hubaki ule ule.

Kwa mazoezi, chukueni tuni ya wimbo wetu wa taifa, aliyoitunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Pigeni besi peke yake, polepole, mpaka mkono uizoee. Ongezeni sauti ya tatu, kisha ya pili. Sauti ya kwanza msiipige. Iimbeni kwa vinywa vyenu. Mtaona jinsi wimbo unavyosimama bila vidole vingi.

Ndugu zangu, vijana tuliowasikia asubuhi wanajifunza kwa kubahatisha, kama sisi. Naomba kila anayeishi karibu awape Jumamosi moja kwa mwezi. Mimi nitaanza Jumamosi ijayo, ili mama mwingine asiulize swali lile.