Korona ya Jua na Ushahidi wa Urujuanimno



Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha mwezi kilipita Pakwach, kaskazini mwa Uganda, kikaelekea Turkana. Waliokuwa Pakwach walipata sekunde chache tu za kuona taji jeupe likilizunguka jua lililofunikwa. Taji hilo ndilo korona, angahewa ya nje ya jua, na lina jambo la ajabu: uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, ilhali korona iliyo juu yake inapita milioni moja.

Tulijuaje? Mwaka 1869, jua lilipopatwa huko Marekani, wanaastronomia Young na Harkness waliona katika spektra ya korona mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ikadhaniwa ni elementi mpya, ikapewa hata jina. Ilipita miaka sabini hivi kabla Grotrian wa Ujerumani na Edlén wa Sweden hawajaonyesha kwamba ni chuma, chuma hiki hiki cha majembe, ila kimepokonywa elektroni 13 kati ya 26. Chuma hakifiki hali hiyo pasipo joto la mamilioni.

Sasa, kitu chenye joto hilo hutoa sehemu kubwa ya mwanga wake katika urujuanimno na eksirei, na mwanga huo hauifikii ardhi. Ozoni na gesi nyingine za hewa huunyonya. Ngozi zetu zinashukuru. Sisi tunaochunguza mwanga huo wa jua inatubidi tupande juu. Juni 1946 Richard Tousey na wenzake walifunga spektrografu kwenye pua ya roketi ya V-2 huko White Sands, Marekani. Roketi ilianguka kichwa chini, ikachimba shimo kubwa, na chombo hakikupatikana. Oktoba 10 wakakifunga kingine kwenye pezi la mkiani. Hicho kilipona, na filamu yake ikaonyesha, picha baada ya picha, spektra ikirefuka kuelekea urujuanimno kadiri roketi ilivyoiacha ozoni chini.

Pwani yetu nayo imo katika historia hii, ingawa madarasani haitajwi sana. Machi 1988, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya, roketi ya Scout ilirusha setilaiti ya Kiitaliano iliyobeba spektromita ya Kijerumani ya kupima urujuanimno wa jua.

Picha za jua zinazosambaa magazetini ni nzuri, lakini mimi naziamini nusu. Picha hukuonyesha kitu kinang'aa. Haikuambii kama kinakuja au kinakwenda. Chukua mstari wa silikoni iliyopoteza elektroni tatu, kwenye nanomita 140.3, unaotoka kwenye gesi ya nyuzi 80,000 hivi, katikati ya uso na korona. Ukisogea nanomita 0.005 tu kuelekea mawimbi mafupi, gesi ile inatujia kwa kilomita 10 hivi kwa sekunde. Tena tazama upana wake. Chombo cha SUMER, kilichorushwa pamoja na setilaiti ya SOHO Desemba 1995, kilipima mistari mingi ya namna hii, na upana wake ulizidi ule ambao joto peke yake lingeleta. Ziada hiyo inadai mwendo mwingine, unaofikia kilomita 30 hivi kwa sekunde, uliojificha ndani ya kila kipimo.

Mwendo wa nini, na je, ndio unaoipasha korona joto? Wako wanaosema ni mawimbi yanayopanda kwenye nyuga za sumaku. Eugene Parker, mwaka 1988, alipendekeza milipuko midogo midogo isiyohesabika, sumaku zinaposokotana na kukatika. Mimi naegemea kwamba sababu zote mbili zipo, kila moja na mahali pake, lakini maegemeo si kipimo.

Kinachotukwamisha katika kupima ni mwanya mwembamba unaoingizia mwanga kwenye spektrografu. Ule wa setilaiti ya IRIS, iliyorushwa Juni 2013, hukata ukanda wa jua wenye upana wa kilomita 240 hivi, sawa na kutazama harusi kupitia ufa wa mlango. Ili kupata eneo zima lazima uusogeze hatua kwa hatua, na mlipuko wa sekunde 20 haukusubiri. Ndiyo maana chombo kinachoandaliwa Marekani, MUSE, kimebuniwa kiwe na mianya zaidi ya 30 inayofanya kazi kwa pamoja. Spektra zake zitapandana, na kuzitenganisha ni hesabu ngumu. Wanafunzi wa fizikia na wa kompyuta mlio humu ukumbini, kazi hiyo haihitaji roketi.