Kuulea Mjakaranda



Mjakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini katika njia za Nakuru umekwisha kuwa mwenyeji. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani, kisha huchanua maua ya zambarau. Asiyeujua huuona mtupu, akadhani umekufa, akautia shoka. Tungoje, mvua zikirudi, na kivuli hurudi.

Tuupande mvua kubwa zianzapo, mwezi wa Machi au Aprili, katika shimo la futi 2 lenye samadi iliyooza. Uwe mbali na nyumba, mabomba ya maji na mahindi, kwa maana mizizi yake huenda mbali. Tuuzungushie miiba kwa ajili ya mbuzi, na kuunywesha maji viangazi viwili vya kwanza.

Tena tusiukate kilele. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi yaliyosimama wima kama fito, na umbo lake la kutandaa huharibika.

Mche uliopandwa na wote mara nyingi hufa kwa kukosa mwenyewe. Kwa hiyo twaomba kila mche upewe nyumba moja ya kuutunza, ili wajukuu wetu wapate kivuli cha kukutania.