Tulifunga Mlango Siwo

(Mazungumzo ya mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu wa Makoongwe)



Nimetakiwa niseme machache juu ya sayansi, nami nimechagua kueleza namna kirusi cha korona kinavyoingia katika chembe za mwili wa binadamu. Nimechagua jambo hili kwa sababu mwaka 2020 nilikosea, na kosa langu lilifika mpaka hapa kisiwani.

Maradhi yalipothibitishwa nchini mwezi wa Machi mwaka ule, watu wengi duniani walikuwa wakiisifu klorokwini. Nikanunua vidonge, nikampelekea ami yangu hapa Makoongwe. Akanipigia simu: "Mwanangu, si ndizo zile zilizokuwa zikituwasha mwili mzima tukiugua malaria?" Nikamjibu: "Ndizo, ami, lakini sasa zina kazi nyengine." Akazimeza. Kwa kuniamini mimi msomi, hakuona tena haja ya kujitenga, akawa anakwenda kila msiba. Mungu alimnusuru, lakini si kwa vidonge vyangu.

Kirusi hiki ni kidogo mno. Ukivipanga 10,000 kwa mstari, urefu wake ni kiasi cha milimita 1. Chenyewe hakiwezi kuzaana. Lazima kiingie ndani ya chembe hai na kuitumia. Sisi tunajua kuwa chombo kinachotoka Mkoani hakishushi abiria mpaka kipate pa kufunga kamba. Kirusi nacho ni vivyo hivyo. Nje ya ganda lake la mafuta kina miiba ya protini, na ncha ya mwiba hushika protini iliyoko juu ya chembe zetu, iitwayo ACE2. Iligunduliwa mwaka 2003 kwamba kirusi cha SARS hushika hapo hapo. Protini hii haikuwekwa kwa ajili ya maradhi; kazi yake ni kusaidia kuzuia shinikizo la damu lisipande. Iko puani, mapafuni, na kwa wingi matumboni.

Lakini kufunga kamba siko kuingia. Mwiba hauna budi ukatwe na kimeng'enya cha mwili wetu wenyewe, ndipo sehemu yake ya ndani ijichome katika ngozi ya chembe, na ganda la kirusi liungane na ngozi ile. Hapo maagizo ya kirusi hushuka ndani, na chembe huanza kutengeneza virusi vipya.

Njia za kukatwa ni mbili. Ya kwanza ni pale pale juu ya chembe, kwa kimeng'enya kiitwacho TMPRSS2. Ya pili, chembe humeza kirusi kizima katika kifuko. Kifuko kikishakuwa na asidi, vimeng'enya vyengine hukata mwiba humo. Klorokwini huipunguza asidi ile, kwa hivyo hufunga njia ya pili tu. Maabara ilionekana inafaa, kwa kuwa ilijaribiwa katika chembe za figo la tumbili, ambazo hazina TMPRSS2 ya kutosha. Ilipojaribiwa mwaka 2020 katika chembe za mapafu ya binadamu, kirusi kilipita njia ya kwanza. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, jaribio kubwa la hospitali za Uingereza lilionyesha kuwa dawa ya jamii hiyo haipunguzi vifo. Tulifunga mlango siwo.

Wengine walitegemea nyungu. Mvuke nao haumfuati mgeni aliyekwisha ingia ndani ya chembe.

Mwezi wa Februari 2021 tulimzika huko Mtambwe Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kuwa ameambukizwa korona. Baada ya hapo hapana aliyeweza kusema kuwa haya ni maradhi ya ng'ambo.

Kinachofaa ni kumzuia mgeni kabla hajafunga kamba. Sabuni huvunja ganda lake la mafuta. Chanjo, iliyozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, huufundisha mwili kuutambua mwiba, ili kinga zetu ziifunike ncha yake. Mwiba nao hubadilika, kama tulivyoona kwa Omicron mwishoni mwa mwaka ule, na kinga ikapungua nguvu. Hata hivyo waliochanjwa waliendelea kukingika zaidi na maradhi makali.

Wanafunzi, mkiletewa dawa, hata na msomi, muulizeni: inafunga mlango gani, na mgeni anapita mlango gani? Ami yangu amekaa hapa mbele. Yeye aliniuliza, nami nikamjibu kwa kiburi. Leo, mbele yenu nyote, namtaka radhi.